Halisi kwa Kipimo cha Nani?

Mwaka juzi, siku ya mnada, nilikwenda mjini Mbulu kumtafutia mjukuu wangu cheni ya pikipiki. Muuza spea, kijana mwenye adabu zake, aliniamkia, akanipa kiti, kisha akanipangia cheni tatu mezani. "Mzee, hii ni orijino," akasema. "Hii ni kopi. Na hii ya tatu ni orijino ya China." Nikamwuliza orijino ya China ndiyo ipi tena. Akafikiri kidogo, akajibu bila kificho: "Ni kopi, mzee, lakini kopi inayodumu." Nikacheka, naye akacheka, nikanunua hiyo ya tatu kwa kuwa ndiyo iliyolingana na pensheni yangu.

Nilipotoka hapo niliingia hotelini kunywa chai. Meza ya jirani alikaa kijana mwongoza watalii pamoja na dereva wake. Wageni wao walikuwa nje wakipiga picha. Nikamsikia akimwambia dereva: "Kesho tunashuka Mang'ola, nikawaonyeshe Wahadzabe halisi. Wale wa Yaeda Chini siku hizi wanavaa suruali, wengine wana simu, wengine wamesoma. Hao si halisi tena." Dereva akacheka. Mimi sikucheka. Chai ilinipoa mkononi, kwa maana miongoni mwa hao waliosoma wa bonde la Yaeda wamo niliowafundisha mimi kusoma.

Ndugu msomaji, katika saa moja niliona neno lile lile likipimiwa cheni, kisha likapimiwa binadamu. Maneno haya nayaandika kwa ajili ya hiyo mara ya pili. Nasema wazi tangu mwanzo, ili atakayechukia achukie mapema: neno "halisi" ni neno jema dukani, na ni neno jema mbele ya karani wa vyeti, lakini linapobandikwa juu ya watu na mtu asiyekuwa mmoja wao, aghalabu kuna kitu kinachotaka kuchukuliwa. Ama ni sura yao, ama ni ardhi yao, ama ni haki yao ya kubadilika kama watu wengine wote wanavyobadilika.

Nilikuwa mwalimu kwa muda wa miaka thelathini na nane, na mwalimu hawezi kugombana na neno kabla ya kulifungua. Basi na tulifungue.

Kiswahili kimelipokea "halisi" kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kitu kisichochanganywa: kilicho safi, kilicho peke yake. "Asili" nalo tulilitoa huko huko, na maana yake ni shina au chimbuko. "Safi" ni mgeni wa nyumba hiyo hiyo. Neno la kwetu kabisa ni "kienyeji", litokanalo na mwenyeji, na siku hizi tunaliweka zaidi kwenye kuku. "Orijino" na "jenuini" zimeshuka na spea kutoka kwenye malori, na "feki" ikaja nyuma yao kama kivuli. Waingereza wanalo neno moja wanalolipenda mno katika vitabu vya wasafiri, "authentic", nalo lilianzia kwa Wagiriki wa kale, ambao kwao lilimtaja mtu atendaye jambo kwa mkono wake na kwa mamlaka yake mwenyewe. Maana hii ya Kigiriki naomba msomaji aiweke akiba, kwa kuwa nitaihitaji mwishoni.

Katika matumizi ya kila siku mimi nahesabu maana nne, na kila moja ina kipimo chake.

Maana ya kwanza ni ya chimbuko: kitu kimetoka kweli kwa yule anayetajwa kuwa amekitengeneza. Mkulima wa Dongobesh anunuapo mbegu za mahindi anataka kujua kama zilizomo ndani ya pakiti ndizo zilizoandikwa juu yake. Hapa kudai uhalisi si ubishi wa wasomi. Ni njaa au shibe ya mwaka mzima. Ndiyo maana taasisi ya serikali ya uthibiti wa mbegu, TOSCI, huweka nembo zake juu ya pakiti. Mbegu ya uongo haikuonyeshi uongo wake siku ya kununua. Hukuonyesha mwezi wa pili shambani, mvua ikiwa imekwisha kupita.

Maana ya pili ni ya kutochanganywa. Asali isiwekwe sukari, maziwa yasitiwe maji. Mnunuzi wa maziwa anacho kile kipimo cha kioo kinachoelea. Hukitumbukiza ndani, husoma mstari, na ubishi umekwisha.

Maana ya tatu ni ya ukamilifu. Tunaposema fulani ni mwalimu halisi hatusemi kwamba ana cheti, wala kwamba hakuchanganywa na maji. Tunasema ametimiza yale tunayoyatazamia kwa mwalimu. Hapa kipimo kimekwisha kutoka kwenye chupa na kimeingia ndani ya kichwa cha msemaji. Kila mtu ana mwalimu wake halisi.

Maana ya nne ni ya moyo: machozi halisi, toba halisi. Kipimo cha hii anacho Mungu, na sisi wengine tunabahatisha.

Hayo yote ni matumizi halali ya neno. Ugomvi wangu ni pale mtu anapochukua kipimo cha maana moja akakipeleka kwenye maana nyingine bila kusema, kama mwenye duka anayekupimia mafuta ya taa kwa kikombe cha karanga.

Hata kwenye vyeti, mahali ambapo mimi ni mkali kuliko karani yeyote, mchanganyiko huo upo. Wengi tunakumbuka Aprili 2017, Rais John Magufuli alipopokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Cheti ni ushuhuda, na ushuhuda wa uongo ni uongo. Nilikesha na koroboi kukipata changu, na sioni kwa nini mwingine akinunue. Lakini nawakumbuka pia baadhi ya walioondolewa. Mmoja wao alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na watoto wa mikononi mwake walikuwa wakisoma vizuri kuliko wa mwingine mwenye vyeti vitatu. Cheti chake hakikuwa halisi kwa maana ya kwanza. Kazi yake ilikuwa halisi kwa maana ya tatu. Na jasho lake lilikuwa jasho. Mwaka 2022 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipoamua kuwarudishia watu hao michango waliyokuwa wamekatwa wenyewe kwa ajili ya mifuko ya pensheni, nilisema moyoni kwamba sasa mambo mawili yametenganishwa kama inavyopaswa: karatasi imehukumiwa kama karatasi, na jasho limehesabiwa kama jasho.

Kama neno hili linahitaji uangalifu huo kwenye karatasi, je, kwenye kabila la mtu?

Huku kwetu ni mahali pabaya sana kwa mtu anayetafuta watu wasiochanganyika. Mahali pachache Afrika pana mkusanyiko kama huu wa Mbulu na Hanang na majirani zao. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi. Kidatoga ni cha Kinailo. Kinyiramba na Kinyaturu ni za Kibantu. Na Kihadzabe, pamoja na vidoko vyake, wanaisimu hawajakubaliana kukipatia ndugu hata mmoja. Jamii hizi zote zimeoana, zimeibiana ng'ombe, zimepigana, zimenunuliana asali na mikuki kwa vizazi vingi. Koo nyingi za Wairaqw husimulia zenyewe, bila kulazimishwa, kwamba babu yao wa kwanza alifika akiwa mgeni: huyu alikuwa Mdatoga, yule Mmaasai, yule Mwihanzu. Alipewa moto, akapewa mke, akapewa shamba, na watoto wake wakawa Wairaqw.

Mimi mwenyewe bibi yangu mzaa baba alikuwa Mbarabaig. Watu wake wengine waliwaita Wamang'ati, na jina hilo ni la Kimaasai lenye maana ya maadui. Jina ambalo adui amekupa nalo likaja kuandikwa katika vitabu vya serikali kana kwamba ndilo lako. Bibi alivaa vazi lake la ngozi hadi alipokufa, akasema Kiiraqw chenye lafudhi ya Kidatoga, na ndiye aliyenifundisha hadithi za Kiiraqw ninazozijua. Tukiyatumbukizia maisha yake kile kioo cha maziwa, kitasema kuna maji. Nani basi alikuwa maji, na nani alikuwa maziwa?

Hata hivyo kila uchaguzi unapokaribia huzuka watu wa kutuambia kwamba fulani si Mbulu halisi, asili yake si Kainam wala Muray, babu yake alikuja na mbuzi wawili. Nauliza: babu wa nani hakuja? Na watu hawa wakisema maneno hayo, huyasema kwa Kiswahili! Wanatumia lugha ambayo neno lake lenyewe la "halisi" ni la kuazima, kuwafukuza wengine kwa kosa la kuazimwa. Kama kuchanganyika kungekuwa dhambi, Kiswahili kingekuwa cha kwanza kutolewa nje, na sisi tusingekuwa na lugha ya kugombania.

Msomaji anaweza kuniambia: mzee, hayo ni maneno tu ya vijiweni, yasikukoseshe usingizi. Laiti yangekuwa maneno tu. Nipeleke Hanang.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, baadaye kwa msaada mkubwa wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda zilizo chini ya mlima Hanang. Yalikuja kuwa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Waret. Mwenye mashamba alikuwa NAFCO, lililokuwa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Nchi hiyo ilikuwa ya malisho, na waliokuwa wakilisha humo kwa zamu za msimu, mvua kwa mvua na kiangazi kwa kiangazi, walikuwa zaidi Wabarabaig. Mwenye haraka akipita wakati ng'ombe wamehama huona pori tupu. Mbarabaig huona lishe iliyopumzishwa.

Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walilishtaki shirika hilo kwa kuingilia ardhi yao. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Kwa upande wa halmashauri ya kijiji, ilisemwa kwamba haikuonyesha kuwa iligawiwa ardhi hiyo. Na kwa upande wa wanakijiji wenyewe, ilisemwa kwamba anayedai ardhi kwa mila lazima kwanza athibitishe kuwa ni mwenyeji kwa maana ya sheria, ile sheria ya ardhi tuliyorithi kwa Waingereza, ya mwaka 1923. Na jambo hilo, mahakama ikasema, halikuthibitishwa.

Naomba msomaji asome tena sentensi hiyo taratibu. Watu wa Mulbadaw, katika nchi iliyojitawala kwa zaidi ya miaka ishirini, walishindwa kwa sababu katika kumbukumbu za kesi haukuonekana uthibitisho kwamba wao ni wenyeji. Pengine lilikuwa jambo la wazi mno hata asiwepo aliyefikiri linahitaji shahidi. Sisemi kwamba majaji walikuwa na nia mbaya; walisoma sheria iliyokuwa mezani. Nasema tu kwamba neno la uhalisi lilitolewa kabatini likawa mzigo juu ya mabega ya mnyonge. Shirika lenye matrekta halikuambiwa lithibitishe uenyeji wake. Mfugaji ndiye aliyetakiwa kuuthibitisha.

Miaka tisa baadaye upepo uligeuka, na uligeukia huku huku kwetu. Mzee Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, wakati huo kikiwa wilaya ya Mbulu na sasa kikiwa Karatu, walipinga sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoundwa wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na ikaonya kwamba bila hivyo wakazi wengi wa nchi hii wasingekuwa na hali bora kuliko wavamizi ndani ya nchi yao wenyewe. Hoja ya siku ile haikuwa usafi wa damu ya mtu; ilikuwa haki anayoishika mkononi. Ndiyo sababu wanafunzi wangu niliwafundisha majina ya kesi hizo mbili pamoja, kama mtu anavyofundisha jumla na kutoa.

Sasa nirudi Yaeda, ambako nina deni.

Miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwaweka Wahadzabe katika makazi ya kudumu hapo Yaeda Chini, walime, wasome, wavae. Wakati ule waliitwa Watindiga, nalo si jina lao. Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba Mtindiga mwenye upinde si raia halisi. Awe kwanza mkulima. Mradi ulififia na wengi walirudi porini. Majaribio mengine yalifuata, na mimi nilikuwa sehemu ya mojawapo, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu na sanduku la bati na imani kubwa.

Darasani kwangu alikuwamo mvulana wa Kihadzabe, mwepesi wa hesabu kuliko wote. Msimu wa asali ulipofika alitoweka. Nilimwandika mtoro kwa wino mwekundu. Aliporudi baada ya wiki tatu, amenawiri, na kibuyu kidogo cha asali alichoniletea kama zawadi, nilimchapa mbele ya wenzake, nikamwambia: "Ukitaka kuwa mwanafunzi halisi, acha kwanza mambo ya porini." Asali niliipokea. Hilo nalo naliandika, lisomeke pamoja na mengine.

Hatua chache tu za historia, na leo yule mwongoza watalii anakuja na mtihani wa kinyume. Anasema Mhadzabe aliyevaa suruali si Mhadzabe halisi. Avae ngozi, ashike upinde, acheze. Watu wale wale waliofelishwa kwa kuwa na upinde wanafelishwa sasa kwa kutokuwa nao. Mtunga mtihani amebadilika, mwanafunzi ni yule yule, na matokeo hayajabadilika: amefeli. Mwalimu yeyote anajua kwamba mtihani ambao mtu hufeli kwa jibu lolote atakalotoa si mtihani. Ni njia ya kumwambia kuwa nafasi yake imekwisha kupewa mwingine.

Simchukii kijana yule. Ana watoto wa kulisha, na wageni wake ndio walioleta agizo hilo la uhalisi kutoka kwao, kama mtu anavyoagiza nyama isiyo na mafuta. Wala sisemi mgeni asije. Aje, lakini ajue kwamba anapolipa ili aone watu ambao hawajabadilika, fedha yake inakuwa mshahara wa kutobadilika. Na mtoto anayepata zaidi kwa kusimama mbele ya kamera kuliko kwa kukaa darasani amekwisha kuambiwa achague nini.

Nitajibiwa kwamba kwa hoja yangu mila zote zitakufa, na kila kitu kitakuwa sawa na kila kitu. La hasha. Mtu akileta mkuki uliotengenezwa kiwandani akaniuzia kama mkuki wa mhunzi wa Kidatoga, ni mwongo, na nitamwita mwongo. Hiyo ni maana ya kwanza, na kipimo chake kipo. Sina ruhusa ya uongo kwa mtu yeyote.

Nitajibiwa pia, na hili lina uzito zaidi, kwamba hilo hilo neno "asili" limewasaidia Wahadzabe. Ni kweli. Mwaka 2011, kwa msaada wa watu wa sheria na mashirika ya kiraia, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa hati hiyo ardhi yao ya kuwinda na kuchimba mizizi ikatambuliwa kuwa yao kama jamii, wakati hapo kabla hati za namna hiyo zilizoeleka kwa mtu mmoja au kaya moja. Bila kusema "sisi tumekuwa hapa tangu asili," wasingeipata. Tena baadaye wameingia katika biashara ya kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na misitu yao, biashara ambayo babu zao hawakuiota.

Lakini tazama nani aliyesema. Katika hati ile walisema wao, wakatia alama za mikono yao, juu ya jambo lao. Hotelini alisema mwingine, juu yao, wao wasiwepo. Neno ni lile lile, na tofauti yake ni kama ya panga kwa aliyeshika mpini na kwa aliyeshika makali. Hapa ndipo ninapoitoa akiba yangu ya Kigiriki: mtu atendaye kwa mkono wake na kwa mamlaka yake mwenyewe. Hiyo ndiyo maana pekee ya uhalisi ninayoikubali kwa binadamu. Mhadzabe halisi ni yule anayeamua mwenyewe juu ya mambo yake, akiwa na ngozi au akiwa na suruali, akila asali au akila ugali. Mbarabaig halisi kadhalika. Na mwalimu halisi, kama yupo, ni yule asiyemchapa mtoto kwa kuleta asali.

Yule mvulana niliyemchapa nilikutana naye tena nikiwa nimekwisha kustaafu. Sasa ni mtu mzima, mmoja wa walinzi wa msitu wa kwao: viatu vya kijeshi, kofia, upinde begani, na kile kifaa cha kusomea mahali mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," akaniambia, na mimi niliona haya kuitikia marahaba. Tulikaa chini ya mti tukazungumza hadi jua likaelekea. Nikamwuliza kama wageni wanamsumbua. Akasema, "Huniuliza kama mimi ni Mhadzabe kweli. Mimi huwauliza, kwani ninyi mmekuja kumtafuta nani?" Nikamwomba radhi kwa ile fimbo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba fimbo ameisahau, ila anakumbuka kwamba sikuwahi kumwambia kama asali ilikuwa nzuri.

Ilikuwa nzuri. Nimechelewa miaka arobaini kusema, lakini nimemwambia.

Basi, ndugu msomaji, na hasa ninyi vijana mnaofundisha sasa katika shule nilizoziacha, nawaombeni jambo dogo. Mtu akitamka mbele yenu neno "halisi", au "asili", au "orijino", juu ya kabila la mtu, juu ya Utanzania wake, juu ya mila yake au lugha yake, muulizeni maswali matatu kabla ya kuitikia kwa kichwa. Kwanza, halisi kwa maana ipi kati ya hizo? Pili, nani ameshika kipimo, na nani alimpa? Tatu, huyu anayepimwa akionekana si halisi, atapoteza nini, na kitakwenda kwa nani? Swali la tatu msilisahau. Mkilifuata hadi mwisho wake, mara nyingi mtakuta shamba, au kisima, au kiti cha udiwani, au fedha za lango la kuingilia.

Kwa muuza spea waulizeni la kwanza tu, na muulize kwa upole. Yeye angalau aliniambia kweli: ile cheni ya kopi bado inazunguka.